Jioni Tatu Mlangoni kwa Mzee Orr

Mbwa alibweka, na kabla Alasdair Geddes hajainua mkono kubisha hodi, mlango ulifunguka. Mzee Eustace Orr alisimama kizingitini na fulana yake ya shambani, akamtazama mgeni kuanzia viatu hadi kichwani.

"Usiku mwema," akasema.

Ilikuwa saa moja na nusu tu. Alasdair, aliyekuwa amekariri maneno yake njia nzima kutoka hotelini, alibaki mdomo wazi. Mzee hakusogea kizingitini. Basi Alasdair aliinamisha kichwa, akageuka, akashuka ngazi za mbao huku masikio yakimwaka moto.

Hii ilikuwa likizo yake ya tatu hapa Tobago, kisiwa cha Karibi. Mara ya kwanza alitoka Uskoti akiwa mjane aliyechoka, akaja kulala ufukweni. Lakini hoteli ile huwachezea wageni ngoma, na aliyewafundisha kupiga matari alikuwa Verlene Orr, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mcheshi, asiye na subira na watu wanaopiga kama wanaua mende. Alasdair aliua mende wiki mbili mfululizo. Mara ya pili alimfuata yeye, na jikoni wote walijua. Wageni wengine hula kaa wa mchuzi na madonge ya unga, hupiga picha mbuzi wakishindana mbio Pasaka, kisha hurudi kwao. Huyu alishakula, alishapiga picha, na bado hakuwa ametosheka.

Safari hii alikuja na pete. Verlene aliitazama, akaifunika, akamrudishia na kisanduku chake.

"Nakutaka, hilo usiwe na wasiwasi nalo," alimwambia. "Ila mimi siolewi kwa mlango wa nyuma. Nenda kwa baba, peke yako. Sitakutangulia, sitakusemea. Akikukubali yeye, nami nimekukubali."

"Na asiponikubali?"

"Basi ulikuja kuogelea."

Akamweleza kwamba mzee hurudi kutoka shambani giza likiingia, kwa hiyo asiende mapema, na kwamba baba yake anapenda adabu kuliko chakula. Ndege ilikuwa Jumamosi mchana. Hiyo jioni ya kwanza ya kufukuzwa ilikuwa Jumatano.

Alhamisi Alasdair alizilaumu nguo zake. Kweli, nani huenda kuposa na kaptura? Alivaa shati la mikono mirefu, akafunga tai, akanunua keki ya nazi, akapanda kilima akitoka jasho mpaka miwani ikaingia ukungu. Mbwa alibweka, mlango ukafunguka. Safari hii mzee naye alikuwa amevaa shati safi, na nyuma yake meza ilitandikwa kitambaa cheupe, sahani zimepangwa. Anangojea watu wake wa maana, Alasdair aliwaza, na mimi nimekuja kumharibia.

"Usiku mwema," akasema mzee, kwa sauti kavu kuliko ya jana.

Alasdair aliiacha keki kwenye ngazi, akaondoka.

Ijumaa alikaa ufukweni kutwa nzima bila kugusa maji. Alimkaripia mhudumu aliyemletea juisi, kisha akaona aibu, kisha akakasirika zaidi kwa sababu ya ile aibu. Kama mzee angemtukana, angejua pa kuanzia. Je, ni umri? Ni rangi? Ni kwamba alishaoa akazika? Mtu akinyimwa jambo bila kuelezwa sababu, huitafuta mpaka kwenye nywele zake. Verlene alipopita na matari yake, alimuuliza kwa macho tu. "Bado," akajibu Alasdair, maana kusema zaidi kungekuwa kumchongea baba kwa mwanawe. Verlene aliuma mdomo, akaenda kuyapasha ngozi matari yake motoni. Aliyaunguza mawili.

Jioni ile Alasdair aliapa kwamba hata akifungiwa mlango usoni, atasema la moyoni. Mbwa alikwisha mzoea, hakubweka. Mzee Orr alitokea na koti lake la kanisani, vifungo vyote vimefungwa.

"Usiku mwema."

Alasdair hakuondoka. Aliyatafuta yale maneno aliyoyakariri tangu Jumatano, akalipata la kwanza. Ndipo mzee aliposogea hatua moja mbele, akapaza sauti, uso umekunjamana.

"Nimesema, usiku mwema!"

Dirisha la nyumba ya jirani lilifunguliwa, watu wakachungulia. Damu ilimpanda Alasdair kichwani. Alishuka ngazi bila kuinamisha kichwa, na hakutazama nyuma.

Verlene alikabidhiwa barua mapokezi Jumamosi alasiri, ndege ikiwa imekwisha ondoka. *Baba yako amekataa siku zote tatu, kwa maneno yaleyale. Siwezi kumlazimisha. Nisamehe.* Alikwenda nyumbani na sare yake ya kazi, akimlaani baba yake kwa kila hatua, akamkuta mezani anamenya kiazi kikuu. Akaibwaga barua mbele yake.

"Umemfukuza kwa nini, baba? Alikukosea nini?"

Mzee Orr aliisoma mara mbili, akaweka kisu chini.

"Mimi nimfukuze? Nilijua anakuja kukuposa, ndiyo maana tangu juzi nimempikia kaa, nimetandika meza. Kila jioni nimetangulia mimi kumsalimia usiku mwema, kama sote hapa tunavyosalimiana giza likiingia, Verlene, na kila jioni kanipa mgongo. Jana nikairudia salamu kwa nguvu, nikidhani labda ni kiziwi."