Meno ya Yugu

Jada alitema damu, akaifukia upesi kwa unyayo kabla kuku hawajaifikia. Alikuwa amejibanza nyuma ya jiko asubuhi na mapema, mkononi ana kipande cha ndimu alichokichovya kwenye makaa yaliyopondwa. Akasugua tena. Ufizi ukawaka moto.

Meno yake yalikuwa yamegeuka kahawia kwa tumbaku na chai ya rangi ya ukimbizini, nayo yangeweza kumponza. Hapa Koboko, karibu na mpaka wa Zaire, hakuna aliyemjua kwa jina la Jada. Hapa aliitwa Yugu, mtoto wa Mariam Poni, aliyerudi kutoka Zaire watu walipoanza kurejea makwao. Na Yugu, kila mtu alikumbuka, alikuwa na meno meupe pe.

Yugu wa kweli alikuwa rafiki yake jeshini. Walilingana kwa urefu na weusi, hata sajini akawa anawachanganya. Kwenye lindo Yugu hakuishiwa na habari za kwao: mama yake, kijito, shamba la mihogo. Serikali ilipoanguka mwaka 1979 na jeshi kusambaratika, wakapoteana. Baadaye, asipopata habari zake tena, Jada akaamini kwamba mwenzake amekufa. Yeye mwenyewe ndugu zake wote walikuwa wamekwisha. Miaka ikapita, na siku moja akajikuta amesimama katika ua huu, akisema, "Mama, ni mimi."

Majirani walipiga vigelegele. Mariam Poni hakulia. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ingia, kula."

Watu walisema macho ya mama huyo yameingia ukungu. Jada alimshukuru Mungu kwa ukungu huo, mpaka siku alipomwona akitunga uzi kwenye sindano bila kukosea. Tangu hapo hakupata raha. Mama hakumuuliza habari za safari, wala za vita, wala za miaka yote ile. Alimwangalia mdomo tu.

"Wewe nasugua na nini?"

Jada aliruka. Mariam Poni alikuwa amesimama nyuma yake, kikapu cha kuni kichwani.

"Makaa, mama. Na ndimu."

"Tupa. Makaa hiyo iko na mchanga, na ndimu nakula jino. Meno si sufuria." Alitua kikapu. "Yugu meno yake ilikuwa nyeupe."

Jada alificha ndimu nyuma ya mgongo. "Zaire iliharibu, mama. Tumbaku."

"Zaire," alisema mama, akaingia jikoni.

Alirudi na magadi aliyotumia kukandia mandazi ya kuuza sokoni. Aliloweka kidogo kwa maji mpaka yakawa uji mzito, akampa kitambaa laini cha kanga kuukuu. "Pole pole. Hapana sugua na nguvu kama iko nafua nguo. Kisha sukutua na maji ya chumvi. Kesho pumzisha." Siku hiyohiyo mfuko wa tumbaku ulitoweka chini ya mto wa Jada. Chai nayo ikakoma, akawa anapewa uji. Kila alipomaliza kusafisha kinywa, mama alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga na kumchunguza kama mnunuzi wa mbuzi.

Jada alijiuliza kwa nini mama anahangaika hivi. Anamsafisha ili aone vizuri zaidi kwamba si mwanawe? Mara mbili alifunga mzigo wake atoroke, na mara mbili akasikia mama akikohoa mlangoni.

Kisha mama akamwambia, akichambua maharage, "Ijumaa Sulaimani nakuja kutoka Arua. Yeye nakumbuka meno."

Sulaimani alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, mfanyabiashara mwenye nyumba kule Arua Hill. Alikuwa ametangaza wazi kwamba mjane asiye na mtoto wa kiume hana haki ya shamba. Lakini Jada, kwa hofu, aliwaza mengine. Mama amemwita shemeji yake aje amkamate. Na siku hizo mtu aliyepatikana na jina la uongo alihesabiwa kuwa mwasi. Waliokamatwa hivyo, wengine hawakurudi.

Ijumaa baada ya swala, Sulaimani alifika kwa gari na wazee wawili na askari mmoja. Hakuketi.

"Mutu huyu ndiyo Yugu?" aliuliza bila salamu, akimwelekezea Jada kidole. "Cheka, sisi naona."

Jada aligeuka. Alimtazama mama. Mama alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni. Jada akacheka.

Meno yalitoka meupe. Mzee mmoja akapiga mkono pajani. "Wallahi, ndiyo yeye!"

Sulaimani alimgeukia Mariam Poni. "Mama Yugu, wewe apa mbele ya wazee. Iko mtoto yako?"

"Nyumba hii iko yake," alisema mama. "Na shamba iko yake. Wewe nataka nini tena?"

Wazee waliitikia. Askari alipiga mwayo. Sulaimani akasonya, akaondoka na watu wake.

Jada akapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, mimi iko na neno. Mimi si—"

"Nyamaza," alisema Mariam Poni. Alitazama njia mpaka vumbi la gari likatulia. "Yugu mimi nazika na mikono yangu, kule Zaire, mwaka ile ya kukimbia. Hapana mutu mwingine najua."

Akamshika mkono, akamwinua.

"Sasa sema, mtoto yangu. Mama yako alikuita nani?"