Yule wa Dirishani

Tangu basi la Mbeya lilipoondoka Ipogolo, Iringa, Eveline alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Rukia. Kufika Makambako alishayapanga mara tatu, na kila mara yalizidi ukali.

Mkobani alikuwa na daftari la marehemu mumewe, Tadeo. Alilikuta chini ya makoti yake, wiki tatu baada ya maziko. Tadeo aliliandika mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, alipokuwa karani kijana katika ofisi moja ya serikali Dar es Salaam. Hapo walikuwa bado hawajaoana.

Mwanzoni Eveline alisoma kwa mapenzi tu. Foleni ya sabuni imeanza kabla ya jua. Sukari hakuna. Malori ya askari yamepita tena, watu wanapunga vitambaa. Kisha yakaanza yale mengine.

“Rukia amekuja dirishani. Kitenge cha kijani.”

“Rukia amekuja tena. Nimeshindwa kumwambia.”

“Barua yake nimeipiga taipu mwenyewe, iko kwenye droo siku ya kumi na moja sasa. Akitabasamu, ulimi wangu unakuwa mzito.”

Mapenzi gani hayo, Eveline aliwaza, ya kupigiwa taipu kwa mashine ya serikali? Yeye hakuwahi kuandikiwa barua hata moja. Posa yake ililetwa na mjomba.

Na ukurasa wa mwisho: “Amerudi kwao Mbeya, Sokomatola. Nitamfuata nikamwambie.”

Hapo ndipo alipolifunga daftari. Kwa miaka arobaini, kila Juni, Tadeo alikwenda Mbeya siku mbili. Mkutano wa wazee wa usharika, alisema. Na yeye, mjinga, akimpigia pasi shati na kumfungia maandazi ya njiani. Maandazi yale aliyala nani?

Sokomatola hakuuliza mara mbili. Nyumba ya Bi Rukia kila mtu aliijua. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mwembamba, hina vidoleni, wanja machoni, katika umri ule. Eveline aliuona uzuri uliobaki, akaumia.

“Mimi ni mke wa Tadeo.”

“Wa Iringa? Karibu, dada, ingia. Mwaka huu hakuja, nikajua anaumwa.”

“Amefariki.”

Rukia alishuka taratibu mkekani, akasema Inna lillahi, akalia. Alilia kama aliyefiwa na mtu wake. Eveline alimtazama bila kumpa pole. Hata machozi anataka kunizidi, aliwaza.

“Alikuwa akija hapa kufanya nini?”

“Kunijulia hali. Anakaa hapo ulipokaa, anakunywa chai, anatazama sakafu. Mara nyingine naona kabisa ana neno. Halafu anaaga.”

“Na wewe hukuolewa?”

“Walikuja wengi kuniposa. Niliwakataa. Moyo ulishakuwa na mwenyewe.”

Kumbe analisema waziwazi, tena mbele ya mke. Maneno yote ya njiani yalimpanda Eveline kooni kwa pamoja. Lakini Rukia alimtangulia. Alijipangusa macho kwa pindo la khanga, akamsogelea, akamshika mikono yote miwili.

“Nisamehe, dada, nakuuliza na msiba wako bado mbichi. Tadeo ndiye aliyekuwa akinifuatilia habari za mume wangu, Shamsudin, tangu aende vitani nami nikawa naenda kumuulizia pale dirishani kwake. Kila mwaka ananiambia bado wanamtafuta. Sasa wewe umesafiri mwenyewe njia yote hiyo. Wamempata?”