Kabla Mgeni Hajafika

Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa mlangoni, na askari wa chifu alikuwa amesimama kando yake.

"Mama, zahanati haijafunguliwa," alisema. "Mgeni wa heshima bado yuko Keroka. Ngojeni pale kwenye nyasi na wenzenu."

Bosibori alikuwa amemshikilia mke wa mwanawe kwa mikono yote miwili. Uchungu ulikuwa umemkuta katikati ya shamba la chai, na sasa miguu ilikataa kumbeba. Dirishani, nesi aliwatazama, kisha akainamisha macho.

Mwaka ule wote wa harambee, Bosibori alibeba mawe kutoka mtoni ili kuta hizi zisimame. Hakumwona mgeni yeyote kule mtoni.

"Mwanangu, nipishe."

"Nimeamriwa, Mama."

Makasi yalikuwa tayari kwenye sahani, lakini Bosibori hakuwa na mkono wa kuyashika. Akainama, akauma utepe. Ulikuwa mgumu, wenye ladha chungu ya rangi. Aliutafuna huku akitikisa kichwa, ufizi ukimuuma, mpaka ukakatika na kipande kikabaki kinaning'inia mdomoni. Akakitema.

Askari aliduwaa.

"Nesi! Kitanda kiko wapi?"

Nyuma yao wachuma chai waliinuka kwenye nyasi na watoto wao wenye kikohozi, wakaingia wote.

Magari ya mgeni yalipofika yakipiga honi, Bosibori alitoka akasimama kizingitini.

"Punguzeni kelele," aliwaambia. "Kuna mtu anazaa humu."