Chai ya Iliki

Tangu ligi ianze kupima nuksi za mashabiki, Mzee Shekuwe alikatazwa kutazama timu yake, Mwamba, au kujua matokeo kabla ya kipenga cha mwisho. Miaka arobaini, kila alipotazama, Mwamba ilifungwa. Hakununa, alishukuru kupata hatimaye jambo la kuifanyia timu. Siku ya fainali alivaa jezi yake iliyochakaa, akaketi jikoni kumenya viazi.

Mkewe Mwanahawa akatoka sebuleni alikokuwa akitazama mechi, uso mkavu, akampa chai. Ilinukia iliki, ambayo mwanamke huyo huitia siku za furaha tu.

“Alhamdulillahi!” Machozi yalimlengalenga mzee. “Lakini Mama Rukia, mbona sijasikia kipenga?”

Mwanahawa akajiziba mdomo.

“Bado dakika mbili, Baba Rukia.”