Vijiti Katika Wali

Hivi wewe, ukipewa vijiti viwili ulie wali, ungevishika vipi? Bi Siwema hakubabaika. Katika mkahawa ule wa Kijapani, huko ugenini, alivua viatu mlangoni akakaa mkekani kama yuko kwake. Mwanawe Haroub, aliyemwalika, ndiye aliyehangaika na magoti.

"Viti vimekuharibu, baba," Bi Siwema alimcheka.

Haroub alicheka pia, kisha akarudia maneno yake ya tangu asubuhi: chumba cha mama kiko tayari, ya nini kurudi tena nyumbani? Bi Siwema alivichomeka vijiti wima katikati ya bakuli la wali, akakunja mkono wa gauni ale kwa vidole.

Mwenye mkahawa, mama wa makamo, alikuja akapiga magoti, akavichomoa taratibu huku akinong'ona.

"Anasema nini?"

"Mama, jamani!" Uso wa Haroub ulimwiva kwa haya. "Anasema kwao wali wa kusimamishiwa vijiti ni wa marehemu."

Bi Siwema alivitazama vile vijiti vyembamba vyeusi, ncha zimeganda punje za wali.

"Basi nimekosea pazuri. Mwambie nami ninaye wangu."

Yule mama aliposikia, aliinamisha kichwa. Akavirudisha vijiti wima, akalisogeza bakuli penye nafasi tupu, kando ya Haroub.

"Nataka kurudi kwetu, mwanangu," alisema Bi Siwema. "Kaburi la baba yako linaota majani."