Tangi Juu ya Chumba cha Bibi

Kila mwanafunzi wa chuo kikuu alivaa bangili iliyopima furaha yake mhadhiri wake alipozungumza naye, darasani au kwingineko. Akiudhika, bangili iliwaka nyekundu, na mhadhiri alipunguziwa alama. Mwasiti, mhadhiri wa uhandisi, akipunguziwa tena angefukuzwa kazi. Na bintiye, Rukia, alikuwa mwanafunzi wake.

Rukia alimwita mama yake chumbani kwa bibi kumwonyesha dari mpya. Alikuwa ameichora mwenyewe, fundi akaijenga, na juu yake wakaweka tangi kubwa la maji.

"Umeionaje, mama?"

Mwasiti alitazama boriti. Zilikuwa nyembamba mno kwa mzigo ule. Kisha akaitazama bangili.

"Nzuri sana, mwanangu."

Akainama, akaanza kukivuta kitanda cha bibi kuelekea mlangoni.

"Unakipeleka wapi?"

"Sebuleni. Humu bibi yako atasikia joto."

Rukia akafurahi, akaenda kuleta godoro lake.

"Basi mimi ndiye nitakayelala humu kuanzia leo."

Mwasiti akafumbua mdomo. Bangili ya bintiye ilikuwa ikimeremeta kijani. Akaufumba. Juu yao, maji yaliendelea kujaa.