Ugomvi wa Kuonyesha Wageni

Tangu asubuhi Fahmi alikuwa mbele ya kioo akijizoeza kukasirika. Alikunja uso, akatoa macho, akamnyooshea kidole mtu asiyekuwapo. Hakuridhika. Akaanza tena.

Wageni kumi na wanne walikuwa njiani, Wataliano, na Barnabas aliyekuwa akiwaongoza alikwisha sema waziwazi: safari hii wakichoka, hawaleti tena. Atawapeleka nyumba nyingine, huko Kuze, ambako kuna bibi anayejua kupiga ngoma.

Na bila wageni Fahmi angekula nini? Miaka kumi na miwili alibeba sinia katika hoteli moja ya ufuoni. Zikaja zile ghasia za mwaka wa tisini na saba, watalii wakakimbia, hoteli ikafunga milango, na wafanyakazi mia mbili wakaambiwa ahsanteni, nendeni makwenu. Wenziwe wengine walirudi kwao kulima mihogo, wengine wakawa wanasukuma mikokoteni sokoni Marikiti. Fahmi hakuwa na shamba, na mkokoteni aliuonea haya. Alichokuwa nacho ni nyumba ya mkewe.

Naam, ya mkewe. Ruweida aliirithi kwa babake, kichochoro cha pili ukitoka Ndia Kuu. Basi Fahmi akaifungua kama duka. Mara mbili kwa wiki wageni walipanda na viatu vyao mpaka ukumbini, wakaonja haluwa, wakanusa udi, wakafunua chandarua cha kitanda wanacholalia watu. Mmoja alimpiga picha Ruweida yuko juu ya msala anasali. Majirani wakaacha kumwalika arusini. Nyumba imeshakuwa soko, walisema, nani ataingia humo na buibui lake?

Mwaka mzima mwanamke huyu alimlilia mumewe kwa ombi moja, na mwaka mzima Fahmi alimpa jibu moja: "Sahau."

Lakini watu hubadilika, jamani. Mwezi huu Ruweida alikuwa amenyamaza. Anapika, anafukiza, anawachekea wageni. Fahmi alimshukuru Mungu kwa kumpa mke aliyeerevuka.

Hata huu ugomvi hakuupinga sana. Barnabas ndiye aliyeuleta: wageni wamekinai haluwa, sasa wanataka kuona mambo ya ndani, mume na mke, kelele, machozi, mwisho talaka.

"Talaka, bwana wangu?" Ruweida aliuliza. "Si useme mengine? Sema utanipiga."

"Nikupige mbele ya Wazungu? Wataita polisi! Ewe, niache. Barnabas ametaka talaka, nami nitaitoa kama inavyotolewa. Kiswahili hawakijui, lakini uwongo wanaujua."

"Haya, shauri lako," alisema Ruweida, akaenda zake jikoni.

Saa kumi alasiri wageni waliketi mikekani, kamera tayari. Kando yao waliketi wazee watatu wenye kanzu, na hapo Fahmi alivimba kichwa. Mmoja wao alikuwa Ami Kamaludin, mwalimu wa chuo cha Kurani, ndugu wa babake Ruweida. Tangu wageni waanze kuingia, mzee huyo hakuikanyaga nyumba ile. Leo amekuja, tena kaja na wenziwe wawili kutoka msikitini. Hata yeye amekubali kuwa pambo, Fahmi alijiambia. Kumbe kila mtu ana njaa yake.

Ugomvi ukaanza. Ruweida akamwaga chai, kama walivyopatana. Fahmi akafoka mpaka kunguru wakaruka paani. Alikwenda huku, akarudi huku, akaipiga meza teke. Kisha akasimama katikati ya ukumbi na kutoa sauti nzito iliyomshangaza hata mwenyewe.

"Ruweida binti Mbarak! Nimekuacha! Nimekuacha talaka tatu!"

Makofi yalivuma. Mama mmoja wa Kitaliano alifuta machozi. Fahmi akainama, akainama tena, kama alivyowaona waigizaji wakifanya hotelini, na moyoni akajua kwamba wageni wa Kuze watakuwa wake pia.

Ami Kamaludin hakupiga makofi. Alingoja yaishe, akawageukia wenziwe.

"Mumesikia?"

"Tumesikia."

"Kwa masikio yenu?"

"Kwa masikio yetu."

Fahmi akacheka. "Ami, huu ni mchezo! Twawachekesha wageni tu."

"Talaka haina mchezo, kijana. Hilo nalikufundisha mimi mwenyewe, ndevu hujaota. Umemtaja kwa jina lake na la babake, yuko mbele yako, na akili zako timamu. Huyu si mkeo tena, na hapa si kwako. Kusanya nguo zako."

Kicheko kilimkauka. Alimgeukia Ruweida, akidhani atamkuta analia. Ruweida alikuwa ameinama anafuta chai iliyomwagika, taratibu, wala hakuinua uso.

Basi hasira zikamjia Fahmi, za kweli sasa, na hazikuhitaji kioo. Alimrukia Barnabas, akamkamata shati kifuani. Wageni wakainua kamera zao tena.

"Umeniua, Barnabas! Umenivunjia nyumba yangu! Nani alikutuma uniletee talaka hapa?"

Barnabas, Mgiriama wa Kaloleni aliyefunga ndoa kanisani na asiyejua lolote la talaka, alimkodolea macho.

"Mkeo," alisema. "Mwezi jana alinijia mwenyewe. Akaniambia ni kitu anachokuomba mwaka mzima, ila wewe humpi mtu kitu mpaka pawe na wageni wa kutazama."